Je, Wajua? Mafuta ya Pomboo Hutoboa Siri ya Mlo

Je, wajua kwamba pomboo wa Lamu hawezi kuficha alichokula? Samaki na ngisi wana michanganyiko yao ya asidi za mafuta, na nyingi hufika chini ya ngozi ya mlaji bila kubadilika sana. Tumbo huonyesha mlo wa karibuni tu. Mafuta hutunza habari za wiki, hata miezi. Mwaka 2004 Sara Iverson wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, na wenzake walichapisha hesabu ya kukadiria mlo kwa njia hiyo. Kipande kidogo cha mafuta chatosha, mnyama hauawi. Ila kichukuliwe kwa kina: tabaka la ndani, lililo karibu na nyama, ndilo hufuata mlo upesi. Nguva adimu wa Kiunga, huko huko Lamu, kwa kuwa ni mla nyasi za bahari, ana mafuta ya namna nyingine.