Kwa nini simu za intaneti hugoma chuoni

SIMU inalia, mtu wa upande wa pili anaipokea, kisha kimya. Tovuti zinafunguka, ujumbe wa maandishi unapita bila tatizo, lakini sauti haisikiki, au husikika upande mmoja tu.

Hiyo ndiyo kero ya wanafunzi wengi wanaopiga simu za intaneti kutoka mabwenini, hasa wale walio ng'ambo, ambao hawana njia nyingine wanayoimudu ya kuzungumza na jamaa zao nyumbani kila juma.

Wengi huilaumu programu, wakaifuta na kuiweka upya mara tatu. Mara nyingi kosa si lake. Kizuizi ni ngome ya ulinzi, yaani faiwali, ambayo chuo hutumia kuamua ni mawasiliano gani yatakayoingia na kutoka.

Mawasiliano ya tarakilishi hupitia milango yenye nambari, zaidi ya 65,000. Tovuti hutumia hasa mlango wa 80 na wa 443. Chuo chenye masharti makali huiacha miwili hiyo wazi na kufunga iliyosalia.

Kitendawili cha simu inayolia bila kuzungumza hutokana na hapo. Wito wa simu hupita njia moja, na sauti yenyewe nyingine. Wito huweza kupenya kupitia mlango wa 443. Sauti nayo hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida 50 kila sekunde, na kusafirishwa kwa utaratibu uitwao UDP, ambao haungoji hakikisho kwamba kila kipande kimefika.

Utaratibu wa TCP, unaotumiwa na barua-pepe na tovuti nyingi, hurudia kutuma kilichopotea. Kwa barua hilo ni jema. Katika mazungumzo, silabi inayofika baada ya mwenzake kupita haina faida tena.

Ngome nyingi huifunga UDP. Skype, iliyozinduliwa mwaka wa 2003, ilijipatia sifa kwa kutokata tamaa: ikikuta UDP imefungwa ilijaribu TCP, kisha milango ya 80 na 443, mithili ya mgeni anayeizunguka nyumba akibisha kila mahali.

Ujanja huo uliwafurahisha wanafunzi na kuwaudhi wasimamizi wa mitandao. Isitoshe, wakati huo Skype iliweza kuigeuza tarakilishi ya mtumiaji kuwa kituo cha kupitishia simu za watu wengine. Mnamo Septemba 2006, Chuo Kikuu cha Jimbo cha San José, Marekani, kilipanga kuipiga marufuku kwa hofu ya aina hiyo. Walimu na wanafunzi, wakiwemo waliokuwa wakiitumia kuwasiliana na jamaa walio mbali, walilalamika na hatua hiyo ikasitishwa.

Wasimamizi hawakuwa wakaidi tu. Nchini Kenya, kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka wa 2009, vyuo vilitegemea setilaiti, na nafasi kidogo iliyokuwapo iliuzwa ghali mno.

Skype ilifungwa Mei 2025, lakini mbinu yake haikuzikwa nayo. Programu nyingi za sasa zina seva ya kati iliyo nje ya chuo; njia ya moja kwa moja ikishindikana, sauti huzungushwa kupitia seva hiyo, ikibidi kwa mlango wa 443. Gharama yake ni sauti kuchelewa na, mtandao ukilemewa, kukatikakatika.

Anayekwama aanze kwa jaribio rahisi: apige simu ileile kwa intaneti ya simu ya mkononi. Ikifaulu huko na kukwama chuoni, hana haja ya kuigusa programu tena.

Kisha atazame mipangilio. Mumble, kwa mfano, ina kitufe cha kuilazimisha itumie TCP pekee. Palipo na seva ya proksi ya chuo, anwani yake huhitaji kuandikwa humo. Kuna wanaokimbilia VPN, lakini vyuo vingine huikataza, na kufungiwa akaunti majuma mawili kabla ya mtihani ni bei kubwa kwa maongezi ya nusu saa.

Njia ambayo wengi huiruka ni kumwendea msimamizi mwenyewe. Ombi la "fungueni mtandao" litakataliwa. Ombi linalotaja kitu mahususi husikilizwa: Mumble huhitaji mlango wa 64738, kwa TCP na UDP, kuelekea seva moja yenye anwani inayojulikana. Mwombaji aongeze kwamba sauti iliyobanwa vyema hutosheka na takriban kilobiti 40 kwa sekunde, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na video moja inayotazamwa katika chumba jirani.