Limbuko la Ngano na Siku ya Hamsini

Pentekoste ya jirani zetu Wakristo wengi wetu twaijua kwa jina tu. Neno lenyewe asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni "ya hamsini". Lakini hesabu hiyo hawakuianza Wakristo. Waliikuta kwa Mayahudi, na ilikuwa hesabu ya wakulima.

Bani Israili waliamrishwa wapeleke mganda wa kwanza wa mavuno wakati wa Pasaka, kisha wahesabu majuma saba. Siku ya hamsini, ngano ikiwa imeiva, walete mikate miwili ya unga mpya, nayo, tofauti na ile ya Pasaka, itiwe chachu. Sikukuu hiyo huitwa Shavuot, yaani Majuma. Sisi watu wa pwani neno la mambo haya tunalo: kulimbua. Limbuko si mavuno. Ni kionjo tu, na dalili kwamba mengine yaja nyuma. Msomaji akilishika neno hilo, ameshika ufunguo wa sikukuu yote.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 2, chasimulia kuwa siku hiyo wafuasi wa Nabii Isa walikuwa pamoja Yerusalemu. Pakavuma uvumi kama wa upepo wa nguvu, zikaonekana ndimi kama za moto, na wao wakaanza kusema lugha wasizokuwa wakizisema. Mji ulijaa wageni, kwani hii ilikuwa moja katika sikukuu tatu za kuhiji. Walikuwapo watu wa Misri, wa Libya, wa Roma na, msomaji zingatia, Waarabu pia. Kila mmoja akasikia lugha ya kwao. Waliobatizwa siku hiyo, kitabu chasema, walipata 3,000.

Kwa Wakristo, basi, hao 3,000 ni mganda wa kwanza wa mavuno ya watu. Paulo naye alitumia neno lilo hilo: Isa kwake ni limbuko la waliokufa, kwa itikadi yao kwamba alifufuka. Sisi Waislamu hatuafikiani nao katika msalaba wala katika ufufuo huo, na hapana haja ya kuficha. Lakini kufahamu asemalo jirani si kulikubali. Wako pia wafasiri wao wasemao mikate miwili ni Mayahudi na mataifa mengine. Hapo, kwa maoni yangu, kamba imevutwa mno, kwani mlango ule hautaji mikate ile miwili hata kidogo.

Mayahudi nao hawakubaki shambani. Warumi walipolivunja Hekalu mwaka 70, pa kupeleka mikate hapakuwapo tena, na sikukuu ikazidi kuwa ukumbusho wa kuteremshwa Taurati kwa Nabii Musa mlimani Sinai. Wengi hukesha wakisoma.

Ili ngano na sikukuu zisipotezane, wao huongeza mwezi wa 13 katika miaka 7 ya kila miaka 19. Kwetu Qur'ani, katika Sura Tawba, imekemea kuahirisha miezi, ndiyo maana Idi zetu huzunguka misimu yote, na wazee wetu hesabu ya kupanda wakaifuata kwa Nairuzi na miongo yake. Pentekoste ya makanisa mengi huangukia kati ya Mei 10 na Juni 13. Huku pwani wakati huo masika yangali yakimwaga, na mkulima hana hata suke la kulimbua.