Mizani Nayo Hupimwa

Mkulima wa Njombe apelekaye viazi vyake Makambako aijua vema taabu ya mizani mbovu. Viazi ni vile vile, jasho ni lile lile, lakini mshale ukidanganya, mtoto hukosa daftari. Ndiyo sababu Wakala wa Vipimo huikagua mizani na kuitia alama. Kipimo nacho hakina budi kupimwa.

Jambo hilo hilo lawashughulisha mabingwa wa elimu ya atomu. Karibu na Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kituo cha CERN kina njia ya duara chini ya ardhi, urefu wake kilomita 27. Haifikii nusu ya barabara ya Njombe hadi Makambako. Humo chembe za atomu hukimbizwa na kugonganishwa. Nani azionaye? Ni vipande vya silikoni, vyembamba kama theluthi ya milimita. Chembe ipitapo huamsha umeme kidogo, na njia yake ikajulikana.

Lakini kipande kikinyamaza, twajuaje kwamba hakuna kilichopita? Basi hujaribiwa kwanza. Hutiwa umeme gizani, ionekane kama unavuja. Vichache huteuliwa na kuwekwa kati ya vipimo vilivyokwisha kuaminiwa, chembe zikapitishwa katika vyote. Vingine vikihesabu 100, nacho kikahesabu 60, hakifai. Tena hupigwa kwa mionzi mikali na kujaribiwa upya katika baridi kali, maana kikiisha kufungwa ndani ya mtambo, si rahisi kukifikia kwa miaka. Mwaka 2012, chembe ya Higgs ilipotangazwa, watu walisadiki kwa kuwa vipimo vyenyewe vilikuwa vimepimwa.

Usidhani hayo ni ya mbali. Katika hospitali zetu, mtumishi wa eksirei hupewa kidude cha kuvaa kifuani, kiwekacho hesabu ya mionzi impatayo. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo isimamiayo usalama wa mionzi nchini. Lakini kidude kilichosahauliwa mezani ni kama mizani mbovu: chasema "salama" huku mwenyewe akiumia.

Basi wewe mtumishi, kivae kila siku. Nawe mgonjwa, uliza kwa adabu kama mashine imekaguliwa. Mwenye kipimo cha kweli haogopi kuulizwa.