Kupona na Kurudia Siha: Istilahi za Athari za Maambukizo ya Hospitalini

Miongoni mwa maneno ambayo mfasiri wa maandishi ya tiba huyadhania kuwa mepesi ni neno "kupona". Hutumika kwa jeraha, kwa homa, kwa mtu aliyenusurika ajalini, na kwa mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitalini. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba upana huo, ambao ni utajiri katika mazungumzo, huweza kumdhuru mgonjwa unapoingia katika cheti cha daktari. Kisha tutapendekeza istilahi za kutenganisha maana zake.

Mifano yetu tumeielekeza Karatu na Ngorongoro kwa sababu maalumu. Wodi moja ya huko huweza kukusanya wasemaji wa Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi. Wa Kimaasai na Kidatooga, ambazo ni lugha za Kiniloti. Wa Kihadza, ambacho hakina ndugu anayejulikana miongoni mwa lugha. Na wa lugha mbalimbali za Kibantu. Daraja lao ni Kiswahili. Neno la Kiswahili likiwa na utata, mkalimani hana budi kuuvusha utata huo mpaka kitandani kwa mgonjwa.

Tuseme mama mmoja wa kijiji cha jirani na Karatu amejifungua kwa kupasuliwa. Siku ya tano mshono watunga usaha, homa yapanda, pumzi zaenda mbio, na fahamu zampotea. Anatibiwa kwa viuavijasumu, na baada ya majuma matatu homa imekwisha. Cheti chake chaandikwa: "Amepona." Lakini nyumbani hawezi kuinua ndoo ya maji, anasahau alichokwenda kukichukua, na usiku hapati usingizi. Jamaa zake wamekisoma cheti, nao wanaanza kunong'ona kuwa ni mvivu. Daktari hakusema uongo, na mama hajisingizii. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili.

Maambukizo ya hospitalini

Haya ni maambukizo ambayo mgonjwa hakuwa nayo, wala hayakuwa yakijijenga mwilini mwake, alipolazwa. Kwa kawaida huhesabiwa yale yanayojitokeza baada ya saa 48 tangu kulazwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 yaeleza kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata walau ambukizo moja la aina hiyo.

Tunapendelea "ya hospitalini" kuliko "yaletwayo na hospitali". Kiambishi -ni chataja mahali tu, wala hakimhukumu mtu; na ni kweli kwamba vijidudu vingine hutoka katika ngozi au utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Hata hivyo, mwalimu asieleze kuwa ni maambukizo "yanayoonekana hospitalini". Uchunguzi wa vidonda vya upasuaji uliofanywa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2003, ulikuta wagonjwa 77 walioambukizwa. Kati yao 28 walionekana kuwa na maambukizo baada ya kwenda nyumbani.

Sepsisi

Neno hili asili yake ni Kigiriki, lenye maana ya kuoza. Katika tiba ya leo lataja hali ambayo mwili, katika kupambana na maambukizo, hudhuru viungo vyake wenyewe. Mwaka 2017 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya hali hii. Tafsiri ya "sumu ya damu" yapotosha mara mbili: maambukizo yaweza kuanzia mapafuni au katika mshono, na msikiaji wa neno "sumu" huanza kumtafuta aliyeitia. Tunashauri "sepsisi" ibaki, ikifuatwa na maelezo mafupi.

Athari za muda mrefu

"Athari", neno tulilolipata kutoka Kiarabu, hubeba maana ya alama inayobakia baada ya jambo kupita. Lafaa sana hapa. Aliyeokoka sepsisi huweza kubaki na misuli dhaifu, uchovu usiolingana na kazi, figo zilizopungua nguvu, usahaulifu, au hofu na njozi za kitanda cha hospitali. Maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Baadhi ya athari hutokana na dawa yenyewe: gentamisini, ambayo huokoa maisha ya wengi, huweza kudhuru usikivu. Tathmini ya tafiti iliyochapishwa Marekani mwaka 2018, ikitegemea zaidi takwimu za nchi tajiri, yaonyesha kwamba takriban nusu ya waliotoka hospitalini baada ya sepsisi hurudia hali yao, theluthi moja hufariki katika mwaka unaofuata, na sudusi moja hubaki na ulemavu mkubwa.

Kwa hiyo mfasiri asichanganye "athari za muda mrefu" na "athari za kudumu". Za kwanza zaweza kwisha. Kumwambia mgonjwa kuwa zitadumu ni kumvunja moyo bila sababu.

Kupona, ahueni na siha

Tunapendekeza ngazi tatu. Vijidudu vikishindwa, cheti kiseme "maambukizo yamekwisha". Muda unaofuata uitwe "kipindi cha ahueni". Nguvu na akili zikirejea, ndipo isemwe mtu "amerudia siha". "Kupona" libaki katika mazungumzo, na katika hati litumike pale tu ngazi zote tatu zimepandwa.

Watumishi wa ofisi watauliza faida yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, yampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Mpishi wa hoteli ya ukingoni mwa Kreta aliyeandikiwa "amepona" atawezaje kuidai haki hiyo? Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Uzito wa neno moja umezidi kuongezeka.

Tunawaomba wasomaji, hasa wanaojua Kiiraqw, Kimaasai, Kidatooga na Kihadza, watuandikie jinsi lugha hizo zinavyomtaja mtu ambaye ugonjwa umemwacha lakini nguvu hazijamrudia. Kihaya kilitupa "ngeli". Huenda neno tunalolitafuta linasemwa kila siku huko Endulen au Mang'ola, likingoja kusikilizwa.