Sheria Ikibisha Hodi Pasipo na Mlango

Sheria ya hakimiliki, ili ifanye kazi, huhitaji mlango wa kubisha hodi: duka la kufunga, ghala la kupekua, mtu wa kumfikisha mahakamani. Enzi za kanda za kaseti mlango huo ulikuwepo. Aliyenakili muziki wa watu na kuuuza sokoni alikuwa na kibanda, mashine na jina. Intaneti ndiyo iliyouondoa mlango huo, na haikuuondoa kwa siku moja. Uling'olewa kipande kwa kipande, na kila kesi ambayo kampuni za muziki zilishinda iliwaonyesha waandishi wa programu pa kung'oa tena. Ndiyo maana nasema kwamba adhabu peke yake haitauzima uharamia wa mtandaoni. Kinachoupunguza ni huduma halali iliyo rahisi, yenye bei inayolipika, huku sheria ikilinda pale inapoweza kufika.

Mambo yalianza na udogo wa faili. Wimbo wa dakika nne kwenye CD huchukua takriban megabaiti 42. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani walitumia udhaifu mmoja wa sikio la binadamu: sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo, kwa hiyo ile ndogo ikifutwa msikilizaji hatambui. Kwa mbinu hiyo, iliyozaa MP3, wimbo uleule ukashuka hadi chini ya megabaiti nne. Juni 1999 kijana Shawn Fanning, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Boston, alitoa Napster, programu ya kubadilishana nyimbo. Nyimbo zilikaa kwenye kompyuta za watumiaji wenyewe, lakini orodha ya nani ana wimbo gani ilikuwa kwenye seva za Napster. Orodha ile ndiyo iliyokuwa mlango. Kampuni za muziki zilishtaki Desemba mwaka huohuo, mahakama ya rufaa ikatoa uamuzi dhidi ya Napster Februari 2001, na kufikia Julai huduma ilikuwa imezimwa.

Mwaka huohuo wa 2001, mwandishi wa programu Bram Cohen alitoa BitTorrent, njia nyingine ya kugawana faili. Hapa filamu ya megabaiti 700 hukatwa, kwa mfano, vipande 2,800 vya kilobaiti 256. Kila kipande kina alama yake inayopatikana kwa hesabu; ikibadilika hata herufi moja ndani yake, alama hailingani na kipande hutupwa. Kompyuta yako huomba kwanza vipande vilivyo adimu, na wakati huohuo huwagawia wengine vile ilivyokwisha kupata. Kanuni yake ni nipe nikupe: anayegawa sana hupewa haraka, anayebana hucheleweshwa. Dukani wateja wakizidi foleni hurefuka, lakini hapa wakizidi kazi huenda kasi, kwa sababu kila mteja ni muuzaji pia. Awali palikuwa bado na seva ya kuwakutanisha watumiaji. Kuanzia 2005 hata hiyo ikaacha kuwa ya lazima: kila kompyuta hutunza anwani chache tu, na swali hupita kutoka jirani hadi jirani mpaka limfikie mwenye jibu. Orodha imetawanywa, haina mwenyewe. Polisi wa Sweden walipovamia seva za The Pirate Bay, tovuti ya kutafutia faili za BitTorrent, tarehe 31 Mei 2006, tovuti ilirudi hewani baada ya siku chache. Mwaka 2009 watu wanne waliohusika nayo walihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kila mmoja, na tovuti ikaendelea.

Wapo watakaosema kwamba sheria haikushindwa, ila haikutekelezwa kwa ukali. Hoja hii inastahili jibu la vipimo, na Sweden imetupatia. Aprili 2009 nchi hiyo ilianza kutumia sheria iliyorahisisha kuwatambua wanaonakili. Watafiti wawili, Adrian Adermon na Che-Yuan Liang, walikuta kwamba katika miezi sita ya kwanza matumizi ya intaneti yalipungua kwa asilimia 16 na mauzo ya muziki yakapanda kwa asilimia 36. Kwa hiyo uharamia huwanyang'anya wasanii wateja, na woga huwarudisha. Lakini baada ya nusu mwaka athari hiyo ilitoweka karibu yote, kwa kuwa waliokamatwa walikuwa wachache. Basi tuongeze ukali? Kampuni za muziki za Marekani zilijaribu: Septemba 2003 zilishtaki watumiaji 261 kwa mkupuo, zikaendelea na maelfu, kisha 2008 zikatangaza kuacha. Ufaransa ilipitisha mwaka 2009 sheria ya kumkatia intaneti aliyeonywa mara kadhaa. 2013 adhabu hiyo ikaondolewa. Intaneti moja hutumiwa na nyumba nzima, kwa masomo, kazi na malipo, na kuikata ni kuwaadhibu wasio na kosa.

Sasa tuangalie kilichofuata. Mapato ya muziki uliorekodiwa duniani yaliporomoka tangu 1999 hadi 2014, kisha yakaanza kupanda. Mwaka 2023 yalifikia dola bilioni 28.6, na zaidi ya nusu yalitokana na kusikiliza moja kwa moja mtandaoni. Spotify, iliyoongoza mageuzi hayo, ilianza 2008 huko huko Sweden, nyumbani kwa The Pirate Bay. Walewale waliopakua bure walikubali kulipa, au kusikiliza matangazo, mara njia halali ilipokuwa nyepesi kuliko ya wizi.

Afrika Mashariki somo hili lina sura yake. Hapa uharamia mara nyingi hauhitaji hata intaneti: mteja huleta flashi kwenye kibanda chenye kompyuta, anachagua filamu, analipa kidogo, anaondoka, na jioni jirani ananakili kwake. Bando ni ghali kuliko flashi. Kenya ilirekebisha sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019 ili mtoa huduma za intaneti akipewa taarifa rasmi afunge njia ya kuifikia kazi iliyoibwa ndani ya saa 48. Ni sheria yenye faida penye mlango, lakini haiifikii flashi iliyo mfukoni. Huduma ya muziki ya Mdundo, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2013, ilipita njia nyingine: msikilizaji anapakua wimbo bure na halali, tangazo likiwa limetangulia ndani ya faili. Mazoea ya watu hayakupigwa vita, bali yaligeuzwa kuwa mapato.

Wengine hudai kunakili si wizi, maana mwenyewe bado anacho chake. Ni kweli kwamba nakala ya pili haigharimu kitu, lakini ya kwanza iligharimu studio, wapiga vyombo na miezi ya kazi, na asiyelipwa leo hatarekodi kesho. Wengine husema huduma halali huwalipa wasanii senti. Malalamiko hayo ni ya haki, na huko ndiko nguvu za watunga sheria zinapaswa kwenda, kwenye mikataba na mgawanyo wa mapato, kwa sababu kampuni hizo zina ofisi, hesabu na mlango wa kubisha. BitTorrent ilidumu kwa kuwa kila aliyepokea alisukumwa kutoa. Soko halali litadumu kwa kanuni hiyohiyo ya nipe nikupe, mradi safari hii msanii awemo miongoni mwa wanaopewa.