Saumu Asubuhi, Asali Jioni

Harufu hutangulia. Mume na mke wanaopanda hadi Mbulu, mkoani Manyara, msimu wa mavuno hukuta vitunguu saumu vimeanikwa. Mke akimenya punje moja tu, vidole vitanukia safari nzima. Zao hili limeijengea Mbulu jina sokoni.

Mchana, Hanang. Mlima unapita mita 3,400, na upande wa Basotu yametanda mashamba ya ngano yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada. Yalichukua malisho ya Wabarbaig, tawi la wafugaji wa Kidatoga, nao wakaishtaki mahakamani NAFCO, shirika la umma lililoyaendesha. Anayekula chapati hapa anastahili kulijua hilo.

Mvinyo? Zabibu ziko Dodoma. Huku kinywaji cha heshima cha Wadatoga ni pombe ya asali, kinywaji cha wazee na sherehe. Mgeni husubiri akaribishwe.