Mzazi, kabla hujazima simu, tazama katuni hiyo hadi mwisho

Jioni moja ya Desemba, hapa Tarime, nilimkuta binti yangu wa darasa la sita amejifunika shuka, simu ya mama yake mkononi. Alikuwa anaangalia katuni ya Kijapani. Kwenye kioo, mtoto amekaa peke yake kwenye bembea, na watu wazima wanamnong'ona.

"Zima hiyo, inatisha," nikasema.

"Baba, huyu kijiji kizima kinamkwepa kwa kitu ambacho hakukichagua."

Nilitaka kufoka. Nikakaa.

Katuni yenyewe ni Naruto. Masashi Kishimoto aliichora kwanza kama manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, kuanzia 1999 hadi 2014. Siku Naruto alipozaliwa, zimwi la mbweha mwenye mikia tisa lilifungiwa mwilini mwake. Tangu hapo wanakijiji wanamlipiza yeye ubaya wa zimwi lile.

Wazazi wengi tunalalamika kwamba hadithi hizi zina giza: vifo, mayatima, visasi. Ni kweli. Lakini huku Tarime na Serengeti, giza halikuletwa na simu. Shule zikifungwa Desemba, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, koo nyingi za Wakurya huingia msimu wa tohara, na mabinti hukeketwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 8 ya wanawake nchini wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Kwa Mara ni asilimia 28. Binti asiyekeketwa huitwa msagane, na jina hilo humfuata kisimani na sokoni. Ndiyo maana binti yangu alimwelewa Naruto haraka kuliko mimi.

Jambo la pili nililoliona ni namna watunzi hawa wanavyowachora watu wabaya. Katika hadithi hiyo yumo Gaara, kijana anayeua bila huruma. Baadaye tunaonyeshwa utoto wake: aliogopwa na watu wa kwao, na baba yake mwenyewe alitaka auawe. Kosa lake halifutwi, ila tunajua lilikotoka. Na Gaara anabadilika, hadi anakuwa kiongozi wa kijiji chake.

Mzazi mwenzangu, fikiria hapo. Ngariba si jini. Ni bibi wa jirani, anaheshimiwa, analipwa, na huenda naye alikatwa akiwa mtoto. Ukimwambia binti yako kwamba wakeketaji ni mashetani, hatamtambua mkeketaji atakapokuja akicheka, amembebea ndizi na kitenge.

La tatu ni mwisho wa hadithi. Katika Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa, iliyochapishwa kati ya 2001 na 2010, ndugu wawili wanajaribu kumfufua mama yao, na wanalipia kwa miili yao. Mwishoni kaka anampata tena mdogo wake, lakini kwa kuutoa uwezo wake wote wa ajabu. Kumwokoa mtu kuna gharama, na mtunzi hafichi.

Gharama hiyo tunaiona pia katika filamu ya kweli iliyopigwa hapa kwetu, In the Name of Your Daughter ya Giselle Portenier, ya mwaka 2018. Inawaonyesha mabinti waliotoroka nyumbani usiku na kukimbilia nyumba salama ya Mugumu, kwa Rhobi Samwelly, ambaye naye alikeketwa akiwa msichana. Msimu ukiisha, wazazi huitwa na kuombwa waahidi kwa maandishi kwamba binti hatakatwa. Wapo wanaosaini. Wapo wanaokataa, na mtoto akabaki bila kwao. Hapo mwisho wa hadithi uko mikononi mwa mzazi.

Basi tufanye nini na simu hizi?

Kwanza, uliza hadithi iliandikiwa nani. Wajapani huziita shonen zile za vijana wadogo, na seinen zile za watu wazima. Naruto ni shonen. Berserk ya Kentaro Miura ni seinen, na si ya mtoto hata kidogo.

Pili, kaeni pamoja, hata kwa kipande kimoja. Muulize, "Kwa nini huyu amekuwa hivi? Wewe ungefanyaje?"

Tatu, usimkatishe katikati. Mtoto aliyeona maovu bila kuona yalivyoshindwa hubaki na hofu peke yake.

Na kama mtoto yuko hatarini, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Sheria ya mwaka 1998 inamfunga anayemkeketa binti wa chini ya miaka 18 kati ya miaka mitano na 15.

Nimalizie la nyumbani. Mama yangu alikuwa ameshaomba mjukuu wake apelekwe kijijini likizo ile, "akae na wenzake". Nilikuwa bado sijajibu. Katuni ilipoisha, binti aliweka simu chini akaniuliza, "Baba, mimi nitaenda kwa bibi?"

Nilimwambia hapana. Kesho yake nilipanda pikipiki kwenda kumweleza mama yangu mwenyewe, uso kwa uso. Hakunipa chai siku ile. Binti yuko darasa la saba sasa.